Mifereji Miwili, Mlango Mmoja

Wanawake wajawazito humsimamisha Mama Jeli njiani, sokoni, hata mlangoni pa saluni, wakamtolea tumbo mbele. "Hebu nisaidie, mama. Wa kike au wa kiume?" Naye huweka kikapu chini, hukunja uso, huinamia tumbo lile kama anayesoma tangazo la kazi, kisha hutoa jibu: "Ni mtu." Wanacheka, anaokota kikapu chake, anashika njia.

Ana miaka arobaini na saba. Hospitalini aliingia na ufagio. Alikuwa akisafisha chumba cha ultrasaundi, akifuta jeli iliyodondoka kitandani na sakafuni, na kila akifuta jicho lake lilitoroka kwenda kwenye kioo cha mashine. Mpimaji wa wakati ule alimfumania siku moja ameegemea ufagio, anatazama ini la mtu.

"Unaona nini?"

"Naona wingu."

"Tazama tena."

Alitazama tena kwa miaka miwili, mpaka mpimaji yule akachoka kuulizwa maswali na kumwandikia barua ya chuo. Jina la Mama Jeli lilikwenda naye chuoni na likarudi naye likiwa na cheti. Mumewe, mwalimu wa hesabu, humtania kwamba ameoa mwanamke ajuaye yaliyomo tumboni mwa mji mzima isipokuwa tumbo la mumewe. "La kwako halina siri," humjibu. "Halina kitu, na linataka lijazwe saa hizi."

Chumba chake kina pazia zito dirishani, feni inayokohoa, na kitanda ambacho mpira wake ulipasuka upande wa miguu ukazibwa kwa plasta. Ana desturi moja inayowachekesha wenzake. Saa saba mchana, foleni ikikatika, hali kwanza. Hufungua picha zote za asubuhi na kuzipitia upya, moja baada ya nyingine, bila kusoma alichokwisha kuandika.

"Unakula picha, Mama Jeli?"

"Nacheua. Hata ng'ombe hucheua, na hana cheti."

Alhamisi moja aliingia mwanamume mrefu, mikono ina madoa ambayo sabuni ilishayakatia tamaa. Alikuwa fundi wa kupaka rangi magari. Nyuma yake aliingia mkewe, Mama Pacha, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu wawili, kana kwamba alipojifungua pacha na yeye aliongezewa.

"Panda kitandani, Fundi. Vua shati. Tatizo nini?"

"Macho," alisema Fundi.

"Macho!" alidakia mkewe. "Mwili mzima, dada yangu! Mwangalie. Wiki tatu anageuka njano, na gereji nzima wanaume wazima hakuna aliyeona."

"Tulikuwa tunapaka mabasi ya shule," Fundi alijitetea. "Mabasi manne. Sote tulikuwa njano, mpaka kope. Wenzangu wakasema, wewe rangi imekupenda zaidi."

"Wenzake walioga ikatoka. Yeye akazidi kusugua. Mashuka yangu matatu nimeyatupa nikidhani ni rangi ya mabasi!"

Mama Jeli alimimina jeli. "Choo je?"

Fundi alitazama dari. Mkewe akajibu kwa niaba. "Cheupe kama chokaa. Mkojo kama chai ya rangi. Na anajikuna, usiseme. Lakini maumivu hana. Nimemuuliza mpaka nimechoka."

"Kweli huumwi?"

"Siumwi, mama. Mkanda tu ndio umeongezewa matundu matatu."

Kichwa cha mashine kiliteleza juu ya mbavu. Kwenye mfuko wa nyongo, ule mfuko mdogo unaoning'inia chini ya ini, mawe matatu yalilala sakafuni, kila moja na kivuli chake. Mfereji unaoteremsha nyongo kutoka kwenye ini ulikuwa umetanuka, mpana kama kidole cha mtoto, ilhali ulipaswa kuwa mwembamba kama unyasi. Akashuka kwenye kongosho, akapiga picha mbili, akaona mstari mweusi ulionyooka, akasema moyoni, mshipa wa damu huo, akaendelea. Nje walisubiri watu thelathini na mmoja. Akaandika: mawe kwenye mfuko wa nyongo, mfereji wa nyongo umetanuka, kongosho kawaida.

Kabla ya saa sita habari zilishamrudia. Daktari wa upasuaji alikuwa ameisoma ripoti na kumpangia Fundi Jumanne: atatoa mfuko wenye mawe, na jiwe ambalo bila shaka limeponyoka na kuziba mfereji. Mama Pacha alichungulia mlangoni kumshukuru. "Mawe tu, dada! Nilishaanza kufikiria mabaya."

Saa saba ilipofika Mama Jeli alifungua picha zake. Mtoto, mtoto, figo, mtoto, ini la Fundi. Akafika kwenye kongosho, na mkono ukasimama.

Kongosho hulala kwa mapana nyuma ya tumbo, na mgongoni mwake hupita mshipa mnene wa damu utokao kwenye bandama. Mshipa huo ndio alama ya njia. Mpimaji akiuona anajua yuko wapi. Asubuhi alikuwa ameuona mstari mweusi akaupa jina la mshipa. Lakini sasa mshipa ulikuwa pale chini, mahali pake pa siku zote. Ule wa juu, uliopita katikati ya nyama ya kongosho, haukuwa mshipa. Ulikuwa mfereji wa kongosho lenyewe, ambao kwa mtu mzima wa afya huwa kama uzi. Huu ulikuwa kama kamba ya kiatu.

Wapimaji wote huonywa juu ya kosa hilo mwaka wa kwanza, na wote hulifanya. Kuna kitufe cha kuonyesha damu inayotembea. Ukikibonyeza, mshipa huwaka rangi na mfereji hubaki mweusi. Sekunde tano. Hakukibonyeza.

Alikaa akiitazama picha ile. Mfereji wa nyongo hutoka juu kwenye ini. Mfereji wa kongosho hutoka ubavuni. Hukutana mwishoni kabisa, ikatoka pamoja kwa mlango mmoja mdogo kwenye ukuta wa utumbo. Mmoja ukifurika peke yake, kizuizi chaweza kuwa popote njiani mwake. Ikifurika yote miwili, mtu hana haja ya kuzunguka nyumba nzima, aende mlangoni. Na mawe yale matatu yalikuwa mbali na mlango, yamelala mfukoni mwao, pengine kwa miaka kumi, hayana habari.

Ripoti yake ilikuwa inampeleka Fundi kukatwa mahali pasipo na ugonjwa. Atafunguliwa, atatolewa mawe, atashonwa, na kilichokaa mlangoni kitabaki pale kikikua.

Akachukua simu. "Mama Pacha? Kesho asubuhi mrudi. Asile kitu. Na mje na chupa kubwa ya maji."

"Kuna nini tena?"

"Nitakuambia uso kwa uso."

Ijumaa walipofika, hakuwangoja wakae. "Jana nilikosea. Kuna kitu nilikiona nikakiita jina lisilo lake. Nataka kupima upya."

Mama Pacha alifungua kinywa, lakini kwa mara ya kwanza Fundi alimwahi. "Basi pima, mama. Mimi mwenyewe nimewahi kupaka mlango wa gari la mtu rangi ya jirani yake."

Alimnywesha nusu chupa ya maji, polepole, kwa mrija ili asimeze hewa. Hewa tumboni ni ukungu kwa mashine ile, bali maji ni dirisha. Akamsimamisha, akamlaza upande wa kulia, akamwambia avute pumzi ashikilie. Akabonyeza kitufe. Mshipa wa bandama uliwaka mwekundu. Mstari wa juu yake ulibaki mweusi. Akaufuata mpaka kichwani mwa kongosho, kisha akaufuata ule wa nyongo kutoka upande wa pili, na yote miwili ilishuka imetanuka, sambamba, mpaka karibu na ukuta wa utumbo, ikaishia pamoja. Alitafuta kivuli cha jiwe pale mwishoni. Hakikuwepo. Alitafuta uvimbe. Huo nao hakuuona, na hakujidanganya kwamba ameuona.

"Shusha pumzi, Fundi."

"Nilidhani umenisahau."

Daktari wa upasuaji alikuwa ofisini anasaini mafaili. Alipokuwa mwanafunzi, Mama Jeli ndiye aliyemfundisha kushika kichwa cha mashine, na kumpiga kofi la mkono alipokishika kama mwiko.

"Daktari, ile ripoti yangu ya jana ichane."

"Salamu kwanza, mama."

"Shikamoo nitakupa ukizeeka. Ichane."

Aliweka picha mezani. Daktari alizitazama, akakuna kidevu. "Jiwe likikwama mlangoni litaziba yote miwili. Bado ni mawe."

"Jiwe likikwama pale mtu hulia, hujikunja, huletwa na machela. Huyu alikuja anatembea, anacheka. Hajaumwa hata siku moja, na amepungua matundu matatu ya mkanda."

"Wengine hawaumwi."

"Ni kweli. Basi tulitafute hilo jiwe kabla ya kumfungua. Kama lipo, nitakuletea mwenyewe viatu vyako vya upasuaji nimevifuta."

Daktari aliguna. "Unajua nitakachosema kwenye kikao cha Jumatatu? Kwamba mpimaji kaandika kongosho kawaida, siku ya pili kasema si kawaida?"

"Sema. Na jina langu litaje. Afadhali nionekane mjinga Jumatatu kuliko yeye azikwe kwa heshima yangu."

Jumanne ikafutwa. Fundi alipelekwa hospitali kubwa kwa siti-skani, na majibu yakarudi siku ya tano: mifereji yote miwili imetanuka, hakuna jiwe mferejini, hakuna uvimbe unaoonekana.

Na kama vile ugonjwa nao ulitaka kumwaibisha Mama Jeli, wiki hiyo hiyo macho ya Fundi yalipungua njano. Mkewe alimleta kama anayeleta zawadi.

"Mwone! Tumemweka mbali na gereji, rangi inamtoka. Si nilisema?"

"Nimeanza kufubaa," alisema Fundi. "Wiki mbili zaidi mtanitafuta ukutani."

Daktari pia alikuwa amepoa. "Mama, skani imesema hakuna kitu. Mtu anapata nafuu. Labda jiwe lilikuwepo likapita lenyewe. Nimtoe mfuko, tumalize."

Walikuwa wote wanne katika ofisi ile ndogo, na Mama Jeli aliona jinsi ambavyo kila mmoja alitaka maneno yale yawe kweli. Hata yeye aliyataka. Alikuwa amechoka kuchekwa kwenye korido. Jana tu mhudumu wa maabara alimuuliza kama kongosho limebadilisha tena nia.

"Skani haikusema hakuna kitu," alisema. "Imesema haikuona. Soma mstari wa juu yake. Mifereji miwili imetanuka. Mifereji miwili haiwezi kuzibwa na utupu, daktari. Kitu kidogo ndicho kinachoweza."

"Na nafuu je?" aliuliza Mama Pacha, sauti imekuwa ya mtu mmoja sasa.

Mama Jeli alimgeukia. "Dada, nisikilize. Uvimbe ukiota pale mlangoni huweza kumomonyoka kidogo, njia ikafunguka, njano ikapungua. Kisha hukua ukaziba tena. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hatujui, na tusiite kutojua kupona."

Fundi alikuwa akijikuna mkono taratibu, kama mtu asiyejua kuwa anajikuna.

"Kamera yetu ya tumboni," Daktari alianza.

"Kamera yetu hutazama mbele. Mlango uko ubavuni mwa utumbo. Itapita kama mgeni kwenye korido, macho mbele, iseme nyumba haina milango. Ipo inayotazama pembeni. Yupo daktari wake hospitali kubwa, kila Jumatano. Nimeshampigia."

"Umeshampigia?"

"Amesema aletwe Jumatano hii. Kinachosubiriwa ni saini yako."

Daktari alitikisa kichwa, akavuta kalamu. "Ungekuwa mama yangu ningehama nyumbani."

"Ungehama na njaa yako."

Jumatano ile Fundi aliingizwa kamera akiwa amelazwa usingizi. Yule daktari wa kamera alipofika kwenye kona ya utumbo aligeuza jicho ubavuni, na mlango ulikuwa pale, mdogo kama chuchu, umevimba na kupinda, ngozi yake imechubuka upande mmoja. Alichukua vinyama sita vya kupimwa maabara, akapenyeza mrija mwembamba wa plastiki ili nyongo iteremke, akampigia simu Mama Jeli, akampata katikati ya kazi, jeli mpaka kiwiko.

"Mlangoni," alisema tu.

Alimshukuru, akaendelea na figo ya mgonjwa aliyekuwa mbele yake, kwa sababu figo ile nayo ilikuwa ya mtu. Alipomaliza ndipo alipokaa, akajifuta jeli mkononi, kidole kwa kidole.

Majibu ya vinyama yalichukua siku tisa. Daktari aliwaita Fundi na mkewe, na akamwomba Mama Jeli akae nao. Hakuzungusha maneno. Ni saratani. Imeota kwenye mlango wenyewe, ni ndogo, haijaonekana kwenda kwingine. Imejitangaza mapema kwa sababu imekaa mahali ambapo hata kitu kidogo hufunga njia. Upasuaji wake ni mkubwa: kutolewa mlango, kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo na mfuko wa nyongo, kisha mabomba yote kuunganishwa upya. Saa sita au zaidi mezani. Bingwa wa upasuaji huo atakuja kutoka hospitali kubwa, na yeye Daktari atamsaidia. Kuna wanaopata matatizo baadaye. Kuna wachache ambao hawaamki.

Mama Pacha alikuwa ameshika kona ya kanga yake, anaikunja, anaikunjua. "Na tukingoja kidogo? Tufikirie?"

"Mfikirie wiki moja," alisema Daktari. "Miezi, hapana."

Fundi alikuwa akitazama mikono yake. "Daktari, watu huniletea gari lina kutu chini ya rangi. Wananiambia, fundi, paka tu juu, ling'ae, nina harusi Jumamosi. Huwa nawafukuza. Kutu hupigwa msasa mpaka chuma kilie, ndipo upake." Akamgeukia mkewe. "Si unajua huwa nawafukuza?"

"Unawafukuza mpaka tunalala njaa," alisema Mama Pacha, na machozi yakamshuka bila sauti.

"Basi."

Wiki ya tatu, njano imetoka karibu yote kwa ule mrija, Fundi aliingizwa chumba cha upasuaji saa mbili asubuhi. Mama Jeli alipima watu wake kama kawaida. Watoto sita, mmoja kakaa kitako. Bibi mwenye maji tumboni. Saa saba alifungua picha na kugundua ameitazama moja mara tatu bila kuiona, akazima mashine.

Saa tisa kasoro muuguzi wa upasuaji alisimama mlangoni, barakoa imeshushwa kidevuni. "Unaitwa ndani. Bingwa amesema akuone."

Alivalishwa gauni la kijani, kofia, barakoa. Miaka ishirini na mbili alikuwa akitazama ndani ya watu, na hakuwahi kukanyaga chumba kile ila alipokuwa na ufagio. Taa ilikuwa nyeupe kupita kiasi. Fundi alikuwa amefunikwa, na Daktari alikuwa ameinama juu yake akiunganisha, uzi juu ya uzi, hakuinua kichwa ila alisema, "Karibu, mama."

Bingwa, mwanamke mwembamba wa makamo, alikuwa kwenye meza ya pembeni mbele ya sahani ya chuma. Alikuwa amepasua kipande cha utumbo kwa urefu na kukifunua kama kitabu. "Sogea. Wewe ndiye uliyeleta ugomvi huu wote?"

"Ndiye mimi."

Bingwa alichukua waya mwembamba, akauingiza kwenye mfereji wa nyongo. Akachukua wa pili, akauingiza kwenye mfereji wa kongosho. Ncha zote mbili zilisukuma kitu kimoja kutoka nyuma, nacho kikatikisika kidogo ukutani: kinundu cha rangi ya kijivu na waridi, hakizidi punje ya mahindi.

"Hicho tu?" alisema Mama Jeli.

"Hicho tu. Kimetoka chote. Tezi za jirani kwa macho ni safi. Kingo za tulipokata zinakwenda maabara, nao watasema neno lao." Bingwa alimtazama juu ya barakoa. "Kingeachwa mwaka mmoja tusingekutana hapa."

Mama Jeli aliinama zaidi. Kwenye kioo chake kila kitu kilikuwa kivuli na nuru, nyeusi na kijivu, na kwa miaka yote alikuwa amejifunza kuamini vivuli. Hakujua kwamba kingekuwa na rangi. Alitaka kukigusa, akakumbuka hana glovu, akarudisha mkono.

Kwenye korido Mama Pacha alikuwa amesimama. Viti vilikuwa vitatu, vyote vitupu, na muuguzi alisema amesimama hapo tangu saa mbili, kakataa hata chai. Alipomwona Mama Jeli katika gauni la kijani alimkamata mkono.

"Bado wanamshona," Mama Jeli aliwahi kusema. "Moyo unakwenda vizuri. Uvimbe umetoka wote. Majibu ya kingo ni wiki ijayo, na kuna siku ngumu mbele, sitakuficha."

"Lakini ndio wenyewe? Ndio uliokuwa unaziba?"

"Ndio wenyewe. Nimeuona."

Mama Pacha alipapasa nyuma yake kwa mkono mmoja, akaupata ukingo wa kiti, akakaa.